Chumba cha Vigae Thelathini na Tano

Mdogo wangu ni msanifu wa majengo, na siku hizi hasemi nyumba imejengwa, anasema nyumba "inapumua." Mara ya kwanza kulisikia neno hilo nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, hana hata dalili ya kucheka. Nyumba inapumua, ukuta unafikiri, paa linajua jua liko wapi. Haya bwana. Mimi ni fundi wa vigae, miaka thelathini nimepiga magoti kwenye sakafu za watu, na sijakutana na sakafu inayofikiri. Ingekuwa inafikiri ingeyaonea huruma magoti yangu.

Niseme mapema nilichokuwa nakitaka, usije ukadhani nina wivu. Nilikuwa nataka chumba. Kimoja tu. Kiwanja kilikuwa cha wazazi wetu, chenye nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, na mimi nilikuwa naishi humo, chumba cha nyuma, tangu mama alipofariki akaniachia huyu mdogo wangu akiwa na miaka saba, meno ya mbele hana. Nikamlea humo. Akasoma, akaoa, akahamia kwenye nyumba ya kupanga, ghorofani. Siku moja akaja na mkewe, wifi yangu, na kompyuta kwapani.

"Dada, tunabomoa," akasema. "Tunajenga nyumba ya kisasa ya familia. Haili umeme, haiharibu mazingira. Wote tutaishi humo."

Akanigeuzia kompyuta. Nikaona mistari mingi, na kwenye kona moja pameandikwa CHUMBA CHA DADA. Mita tatu kwa nne, dirisha linatazama mashariki. Mimi sijui kuona mita. Nikionyeshwa chumba, kichwa changu kinapanga vigae chenyewe, vile vya sentimita sitini. Vitano kwa saba, safu ya mwisho unakata. Vigae thelathini na tano. Nikaviona vimelala, nikaona na kitanda changu kilipo, nikasema sawa, bomoeni.

Nikahamia kwa shoga yangu mwenye saluni, kwenye kochi lake la sebuleni. Miezi sita tu, waliniambia. Kochi lina springi moja iliyokufa katikati, na ukilala lazima uchague kama utaumia kiuno au bega.

Sikatai, mengine aliyoyachora yalikuwa na akili. Paa alilitoa nje ya ukuta karibu mita nzima, kuta zikawa kivulini mchana kutwa. Madirisha yalitazamana, upepo unaingia huku unatokea kule, na juu karibu na dari akaacha vijidirisha vya kutolea joto. Maji ya mvua yanakwenda kwenye tangi. Hayo hata marehemu baba, aliyekuwa dereva wa katapila, angeyaelewa bila kompyuta. Tatizo la mdogo wangu ni kwamba akishamaliza jambo la akili haachi, anaendelea.

Ramani ya pili ilikuja baada ya mwezi. Ukuta wa nje umenenepa ili kuzuia joto, na unene huo umeingia chumbani kwangu. Dirisha la mashariki halipo, eti linaingiza jua la asubuhi.

"Utakuwa na kijidirisha cha juu, Dada. Hewa itazunguka vizuri zaidi, mahesabu yameonyesha."

Vitano kwa sita. Vigae thelathini.

"Sawa tu," nikasema.

Hapo ndipo penye ugonjwa wangu, na nautaja mwenyewe kabla hujauona. Mbele ya huyu mtoto mdomo wangu unakauka. Nimemfundisha kufunga kamba za viatu, leo anazungumza nyuzi joto na mwelekeo wa upepo, nami natikisa kichwa kama mgeni asiyejua lugha. Dharau zangu zote nilikuwa nakwenda kuzimwaga saluni. Kule nilikuwa moto. Nilimwigiza anavyoshika kidevu akitazama ukuta mtupu, nikamwigiza wifi anavyosema "ma-zi-ngi-ra" kama anaonja kitu kitamu, na wateja wakicheka mpaka shoga yangu anawaambia watulie asije akawaunguza masikio.

"Leo vimebaki vingapi?" shoga aliniuliza kila niliporudi.

"Thelathini."

Ramani ya tatu: bomba kubwa la maji ya mvua linapita kwangu, na ngazi imesogea. "Ishirini," nikamwambia.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimesema sawa tu."

Shoga akaweka kitana chini. "Unajua wewe ni simba wa humu saluni tu? Ukivuka barabara unakuwa paka."

Nilimnunia siku nzima, na jioni nikalala kwenye kochi lake vilevile.

Kazi ya vigae nyumba nzima niliifanya mimi. Mchango wa familia, walisema, na mimi nikakubali kwa roho safi. Sebule, jiko, bafu mbili, varanda. Mdogo wangu alikuwa anapita na wageni wake akiwaonyesha ukuta wa matofali ya udongo wa kushindiliwa, anaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe, na wageni wanasema aah. Mimi niko chini na nyundo ya mpira, wananiruka.

Chumba changu nilikiacha mwisho. Nilikuwa na boksi tano za vigae vya rangi ya asali zilizobaki kwenye kazi ya hoteli miaka mingi nyuma. Mwenye hoteli alinipa, na nilizitunza chini ya kitanda nikijua ipo siku. Vinne kwa vitano, ishirini kamili, hakuna hata kimoja cha kukata. Nililaza kimoja kimoja, naweka pima maji, nagonga, napima tena. Kwa wateja naruhusu tofauti ya unyoya. Humo sikuruhusu hata hiyo. Nilipomaliza nikakaa pembeni mlangoni nikavitazama, na nilifurahi. Chumba kidogo, sawa, lakini changu.

Baada ya wiki mbili nikaenda na pazia la mlangoni, shoga amenishonea mwenyewe. Nikafika, mlango hakuna. Pana kioo, kutoka juu mpaka chini, na nyuma ya kioo yamesimama makabati sita meusi yanayowaka vitaa vya bluu. Miguu ya chuma imepigiwa skrubu kwenye vigae vyangu vya asali. Vitundu ishirini na nne, nilivihesabu.

"Betri za sola," mdogo wangu akasema, anatabasamu. "Zinahitaji mahali pa ubaridi, Dada. Na kupima kote, chumba chako ndicho kilichotoka na ubaridi kuliko vyote. Ni sifa kwako, ujue."

Sifa! Nimesimama na pazia mkononi, napewa sifa.

"Kwa muda tu," wifi akaongeza. "Tutakujengea kijumba kizuri nyuma, cha mianzi. Mianzi ni rafiki wa mazingira."

Nilitaka kumwambia hiyo mianzi akalale yeye, awe rafiki yake. Nilitaka kumuuliza mdogo wangu kama utotoni, alipokuwa ananililia usiku kwamba anaogopa giza, nilimweleza habari za ubaridi. Nikasema, "Sawa tu." Nikatoka na pazia langu. Nilipofika saluni shoga akafungua mdomo aulize, akaniona uso, akaufunga. Nilimwambia mwenyewe: "Sifuri." Kisha nikalia mbele ya wateja, bila aibu.

Wakahamia. Mimi nikabaki kochini, mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Jumapili nilikuwa nakwenda kuwaona watoto wao wawili, kwa sababu watoto hawajanikosea kitu. Na ndipo nikaona nyumba inayopumua inavyoishiwa pumzi. Taa zinajizima zenyewe zikiona hakuna anayetembea. Ukiingia chooni ukatulia, giza, inabidi upunge mikono kama mtu anayesimamisha gari. Jikoni kuna kioo kinachoonyesha umeme unaotumika, na wifi anakitazama kuliko anavyomtazama mumewe. Mtoto akifungua friji, "Funga!" Akiwasha redio, "Nani huyo?"

Halafu ikaja habari ya tuzo. Chama cha wasanifu kinatoa tuzo kwa nyumba ya familia inayotumia umeme kidogo kuliko zote, na mwezi mzima mita ingesomwa. Loo, mwezi huo! Wifi alikuwa anabeba nguo za familia nzima na kuja kuzipiga pasi saluni kwa shoga yangu. Simu zilichajiwa kazini. Chakula kilipikwa kwa mama yake wifi, kikaja kwenye ndoo za plastiki kwa gari, kilomita kumi na mbili, gari la petroli. Watoto waliogeshwa kwa jirani. Umeme wote wameuhamishia kwa watu wengine, kisha wanajipongeza kwa kubana. Shoga yangu alisema tuzo wapewe yeye, au angalau wamnunulie pasi mpya.

Siku mbili kabla ya mkaguzi wa chama kuja, mdogo wangu akanipigia simu. Sauti laini, ile ya utotoni alipovunja kitu.

"Dada, keshokutwa asubuhi njoo nyumbani. Vaa nguo za nyumbani. Na ndala."

"Ndala za nini?"

Ikabidi aseme. Mahesabu ya tuzo hayaangalii umeme mtupu. Umeme wa mwezi unagawanywa kwa idadi ya watu wanaoishi humo. Wao ni wanne, na kwa wanne wamevuka kiwango kidogo. Kwa watano wanapita vizuri. Kwa hiyo kwenye fomu ameandika watano.

"Wa tano ni wewe, Dada. Si wewe ni wa nyumbani?"

Makubwa haya. Godoro langu halina nafasi, lakini kichwa changu cha kugawia kina nafasi. Nikasikia pumzi yake kwenye simu, na nikasema nini? Usiniulize.

Asubuhi ile wifi alinipokea mlangoni kwa shangwe ambayo sijawahi kuiona. Bafuni waliweka mswaki wa tano, mpya, mkavu kama kijiti. Mezani vikombe vitano.

"Ukiulizwa, wifi yangu, sema unalala na watoto," akaninong'oneza huku ananinyoosha kola. "Watoto tumeshawaambia."

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, viatu vya kazi vyenye vumbi la kweli. Nilimpenda kwa vile viatu tu. Hakusema aah mbele ya ukuta wowote. Alifungua madirisha, akafunga, akapanda kutazama paa, akasoma mita, akaandika. Mdogo wangu alimfuata nyuma akieleza, na kila alipoeleza sana yule mama aliinua kalamu asubiri amalize.

Tukafika kwenye kioo cha betri. Wifi akasogea pembeni ili vitaa vionekane. Mkaguzi akaweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo.

"Mbona pana joto?"

"Betri hutoa joto kidogo," mdogo wangu akasema. "Ndiyo maana tumeweka feni."

"Feni ya kupoza betri. Ndani ya nyumba ya kubana umeme." Akaandika. Kisha akafungua faili lake, akatoa karatasi. "Kwenye ramani mliyotuletea mwanzo betri zilikuwa nje, chini ya tangi la maji, ukuta wa kivuli. Hapo ni mahali pake hasa. Palikuwa na ubaya gani?"

Mdogo wangu akakohoa. "Hapakuwa na ubaya. Ni mpiga picha wa jarida la nyumba, alipokuja kuangalia. Alisema zikiwa nje hazionekani."

Kumbe hazikuhitaji ubaridi wa chumba changu. Zilikuwa na mahali pake tangu mwanzo, pazuri, kivulini, yeye mwenyewe alipachora. Miezi kumi na nne ninachagua kati ya kiuno na bega, na sababu si joto, si jua, si hayo mazingira wanayoyaonja mdomoni. Ni picha. Nilimtazama mdogo wangu, na yeye akatazama vitaa vya bluu.

Mkaguzi akageukia fomu. "Wakazi watano. Baba, mama, watoto wawili, dada mkubwa wa baba." Akanitazama juu ya miwani. "Ndiye wewe?"

"Dada mkubwa ni mimi."

"Unalala chumba gani, mama?"

"Na watoto!" wifi akadakia.

"Nimemuuliza yeye."

Mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali." Nikahisi lile neno langu linapanda kooni, limezoea njia. Sawa tu. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza, na halikumezeka kirahisi.

"Silali humu," nikasema. "Sijawahi kulala humu hata usiku mmoja. Nalala kwenye kochi la rafiki yangu, juu ya saluni, mwezi wa kumi na nne huu. Chumba changu ndicho hicho ulichokishika kioo. Hivyo vigae vya chini nimeviweka mimi kwa mikono yangu, nikidhani naweka kwangu. Mswaki ulioko bafuni si wangu, haujaona hata maji. Futa jina langu, mama, mimi si mkazi."

Taa ya ukumbini, kwa kuwa wote tulikuwa tumesimama kimya, ikajizima. Mkaguzi akapunga mkono ikawaka, akapiga mstari kwenye fomu, akagawanya upya, palepale, kwa kalamu.

"Kwa wanne mmevuka kiwango," akasema, na wala hakusema kwa ubaya. "Na hii ya kuandika mtu asiyeishi humu nitalazimika kuitaja." Akanipa mkono wakati wa kuondoka. Mimi peke yangu.

Gari lake lilipotoka wifi akapanda juu akafunga mlango kwa kishindo. Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani.

"Umenimaliza, Dada. Mbele ya mtu wa chama. Nimefanya kazi miaka mitatu juu ya nyumba hii."

Nikageukia kioo cha betri, nikavitazama vigae vyangu.

"Basi kichukue!" akapiga kelele. "Chukua hicho chumba, si ndicho unachokitaka? Kichukue, sasa hakina maana tena!"

Wifi akasikika kutoka juu: "Mwache, atasusa tu. Ndiyo tabia yake."

Hapo ndipo hawakunijua. Watu kama sisi tunategemewa tususe. Tunaumizwa, tunapewa kitu kwa hasira, tunajitia heshima tunakikataa, na aliyekitoa analala vizuri. Nisuse nini mimi? Chumba changu?

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa getini na fundi wa umeme ninayefanya naye kazi siku zote, na godoro juu ya gari lake. Nilimwambia fundi azihamishie betri chini ya tangi kama ramani ya kwanza inavyosema, na mdogo wangu akasimama anatazama, hakuzuia, mpaka fundi alipokosea waya mmoja, hapo akavua saa akaingia kumwelekeza. Anaijua kazi yake, akitaka. Kufikia adhuhuri kilikuwa chumba kitupu.

Fundi akaondoka. Mdogo wangu akabaki ameegemea ukuta wake mnene, hana pa kuweka mikono.

"Ungeniambia, Dada," akasema. "Tangu mwanzo. Kila nilipokuletea ramani ulisema sawa. Ungeniambia tu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa nusu yake ni kweli, na nusu hiyo nitakaa nayo.

"Ningekuambia nini?" nikamuuliza. "Kwamba mimi ni mtu? Hilo nalo, mwanangu, nilitakiwa nilichoree ramani?"

Machozi yalimtoka, na mimi sikumfuta, mara hii sikumfuta. Nilimwambia ashike upande wa pili wa godoro, tuliingize, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kulala.